Kobe Ndani ya Begi la Kasiva

KASIVA: Haloo? Ni nani?

MAMA: Usijifanye hujui. Ni yule umemkatia simu mara mbili.

KASIVA: Mwaitu, sikukata, ni network ya huku—

MAMA: Ilikatika tu ulipomaliza kusema "ni mwiba." Mwiba gani, Kasiva? Nimeona status ya Kivuva. Kifundo kimevimba kama boga!

KASIVA: Kivuva ameweka status?

MAMA: "Pole kwa mfanyakazi mwenzangu." Halafu ameweka kile kikatuni cha kucheka. Nimewatumia wamama wa kanisa hapa Tawa wakuombee.

KASIVA: Mwaitu!

MAMA: Wawili wameomba. Syokau ameuliza kama umeolewa. Ulianguka aje?

KASIVA: Nilikuwa juu ya mwamba, napiga kobe picha. Nikarudi nyuma hatua mbili.

MAMA: Halafu?

KASIVA: Ya pili haikuwa na mwamba.

MAMA: Kanyaga nisikie.

KASIVA: Si hata— aii!

MAMA: Haya. Hospitali.

KASIVA: Siwezi sasa. Nina kobe kwa begi.

MAMA: Mgonjwa ni wewe ama ni kobe?

KASIVA: Tukimtoa kwa ufa wa mwamba tunampima, halafu lazima arudi ufa ule ule leo leo. Ukimwacha mahali pengine atazurura mpaka akauke. Na ufa wake naujua mimi peke yangu.

MAMA: Si huwa mnaweka alama ya chaki?

KASIVA: Nilianguka na chaki mkononi.

MAMA: Kivuva yuko wapi?

KASIVA: Hapa kando yangu. Anakula chapati yangu.

MAMA: Apande na huyo kobe. Akifika juu akupigie video, umwonyeshe ufa.

KASIVA: Juu network iko, lakini hapa chini ni ya kubaha— (mkwaruzo)

MAMA: Hutakuwa hapo chini. Utakuwa kwa benchi ya hospitali, Mutomo.

KASIVA: Na bosi akijua? Atanirudisha nyumbani, na zimebaki siku nne tu za kuhesabu kobe.

MAMA: Kobe wanahesabiwa kwa mguu? Kivuva atapanda, wewe utaandika. Mwambie bosi hivyo kabla hajafungua WhatsApp.

KASIVA: Basi kesho asubuhi nita—

MAMA: Nyamaza kidogo. Unasikia pikipiki?

KASIVA: ...Huyo si Ndululu, mtoto wa shangazi? Ulimwita saa ngapi?

MAMA: Ulipokata mara ya kwanza. Panda.

KASIVA: Kivuva! Wacha chapati, shika begi. Mbebe akiwa ameangalia juu— si wewe, kobe!

MAMA: Ameanza kupanda?

KASIVA: Ameanza. Analalamika sana.

MAMA: Vizuri. Na wewe?

KASIVA: Nimeketi. Aii... nimeketi.

MAMA: Unalia?

KASIVA: Ni vumbi ya pikipiki.

MAMA: Sawa. Ni vumbi. Mshikilie Ndululu.

KASIVA: Nimemshika. Tumeondoka, mwaitu, tume— (mkwaruzo, simu inakatika)