Yuditha Kileo na Pambano la Kampala

Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliopanda hadi hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, leo, familia ya mzee Eliakim Kileo imenituma niwasomee maisha ya binti yao Yuditha, ambayo yamekuwa mafupi.

Yuditha alizaliwa tarehe 9 Mei 1993 hapa Mamba, mtoto wa tatu wa mzee Eliakim na mama Victoria, akabatizwa katika usharika wetu huu, akasoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, kisha sekondari mjini Moshi, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 2011.

Mwaka uliofuata alianza kuuza mitumba sokoni Kiboriloni, na siku moja ndani ya belo akakuta koti zito jeupe ambalo hakuna mteja aliyelitaka, hadi alipopita mwalimu Primus, aliyekuwa akifundisha judo katika ukumbi mmoja wa mjini, akalitambua na kumwambia aje nalo mazoezini. Alikwenda kwa utani, akanogewa, akapata mkanda mweusi mwaka 2016, akaanza naye kuwafundisha wasichana.

Tarehe 1 Julai 2017 alifunga ndoa na Godwin Mosha wa Shirimatunda, wakajaliwa mtoto mmoja, Hellen, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2018.

Novemba 2019 aliitwa kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake mjini Kampala, nafasi aliyoililia miaka yote, na katika pambano la kuwania shaba mpinzani wake alimnyanyua na kumtupa, Yuditha akatua vibaya kwa shingo, mwalimu Primus akamsihi atoke, naye akajibu, "Mwalimu, niache nimalize, sikuja huku kutazama," akamaliza, akashindwa.

Alirudi na ganzi mkono wa kushoto, akadhani ni uchovu, lakini baadaye miguu nayo ikagoma, akatibiwa Moshi na Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji wa shingo Machi 2021, na tangu hapo hakusimama tena. Hellen alijifunza kupanda kitandani mwenyewe, maana mama yake hakuweza kumpakata. Wasichana aliokuwa akiwafundisha walikuja kumwona, wakapungua, mwishowe wakaacha na mazoezi yenyewe.

Wengi mmesema tangu juzi kwamba alikuwa shujaa na hakujutia kitu, na tunawashukuru, ila mama Victoria ameomba lisomwe neno aliloambiwa na Yuditha mwaka jana, alipokuwa akimlisha mtori: "Mama, ningejua, ningetoka."

Vidonda vya mgongo na homa ya mapafu vilimzidi, akafariki tarehe 11 Februari 2025 nyumbani kwake Shirimatunda, Godwin akiwa amemshika mkono usiohisi kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli hata pale tulipotaka kudanganywa, majirani waliokuwa wakimgeuza kitandani Godwin akiwa kazini, wenzake wa Kiboriloni, na mwalimu Primus, ambaye tunamwona amesimama kule nyuma kabisa, naye mama Victoria anamwomba asogee, aje akae na familia.

Yuditha, binti yetu, hatuna la kukufariji, wewe pumzika tu, kwa amani.