Arvel Cutlip na Majina Arobaini na Moja ya Lick Fork

Marehemu Arvel Worley Cutlip alizaliwa tarehe 9 Machi 1929 huko Lick Fork, kaunti ya Tarkiln, West Virginia, katika nyumba ya kampuni ya makaa ya mawe. Alikuwa mwana wa kwanza wa Worley Cutlip, mchimba makaa, na mkewe Osie. Miezi minne kabla hajazaliwa, baba yake alimpigia kura mgombea urais aliyetakiwa na msimamizi wa mgodi, kwa kuwa msimamizi mwenyewe alisimama kando ya sanduku akichungulia karatasi za watu. Mwaka 1932 Worley alikaidi. Jimbo zima lilikaidi mwaka huo, likahamia kwa Wademokrati, na Arvel alikua akisimuliwa habari hiyo mezani, mbele ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi.

Alisoma shule ya Lick Fork hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1943. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wake, na majirani walimletea barua zao awaandikie.

Aliingia mgodini mwaka 1946. Tarehe 3 Oktoba 1957 paa la mgodi lilimwangukia, likamvunja nyonga na kuwaua wenzake wawili waliokuwa naye bega kwa bega. Hakuweza tena kuinama chini ya ardhi, na kuanzia mwaka 1959 aliendesha basi la shule. Mama mmoja wa huko mtoni alikuwa hodari wa kuchelewa kumsuka binti yake. Arvel alizima injini, akala mkate wake polepole mpaka kazi ya nywele ikaisha.

Tarehe 14 Juni 1952 alimwoa Reva Skaggs. Wakati wa uchumba, Arvel alifika kwao siku moja ametoka kula vile vitunguu vya msituni vya mwezi Aprili, ambavyo harufu yake haitoki siku tatu. Mama mkwe alimkalisha nje barazani. Reva aliingia jikoni, akatafuna vitunguu viwili vibichi, akatoka akaketi karibu naye. "Sasa tunanuka sawa," alisema. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Twila, anayesoma maneno haya.

Mwaka huohuo wa harusi Arvel aliteuliwa kuwa karani wa kituo cha kupigia kura cha Lick Fork, palepale shuleni alikosoma. Mwaka 1956 jimbo liliwapa Warepublican kura zake za urais, Lick Fork ikagoma. Mwaka 1960 jimbo likarudi nyumbani, kama wazee walivyosema. Kila jina lililopita mlangoni aliliandika yeye, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemtilia shaka.

Marehemu aliagiza sehemu inayofuata isomwe. "Usinipake chokaa, Twila," alisema. "Makaburi yaliyopakwa chokaa tunayajua."

Oktoba 1968, Burl Hatcher, mwenyekiti wa chama cha Wademokrati katika kaunti, ambaye hakuna mpishi wala dereva aliyeajiriwa shuleni bila neno lake, alimkuta Arvel akiosha basi.

"Mama yako alikuwa mpigakura mwaminifu," Hatcher alisema.

"Mama alifariki Februari, Bwana Burl. Ulikuja mazikoni."

"Nilikuja, nikala na nyama yenu. Lakini daftari bado linamtaja, yeye na wengine arobaini. Wengine marehemu, wengine wamehamia Ohio. Tutawanyimaje haki yao?"

"Na nikikataa?"

"Reva anawapikia watoto vizuri pale shuleni," Hatcher alisema akitazama magurudumu. "Ingekuwa hasara kumkosa."

Jumanne ya tarehe 5 Novemba, watu walipopungua mchana, Arvel aliandika majina hayo moja baada ya jingine, na watu wa Hatcher wakajaza karatasi. Alianza na wale wa Ohio. La mwisho lilikuwa Osie Cutlip. Alisema baadaye kwamba aliliandika kwa mwandiko wake wa kila siku, na kwamba hilo ndilo lililomtisha.

Kura hizo hazikuhitajika kwa urais. Wademokrati walilichukua jimbo kwa zaidi ya kura elfu sitini. Hatcher alikuwa akimtafutia mpwa wake kiti cha sherifu, na kiti kilipatikana.

Wapelelezi wa serikali kuu walikuja Machi 1970. Kila waliyemhoji alikana. Arvel aliwakaribisha jikoni, na kabla hawajafungua mkoba aliwaambia yote, akiwatajia majina arobaini na moja kwa kichwa. Juma hilohilo Reva alifukuzwa kazi. Arvel mwenyewe alinyang'anywa funguo za basi mbele ya watoto.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka kwa mdogo wake, Dallas, aliyekuja akasimama uani, asipande ngazi.

"Kumbe umemfukua Mama, Kaka," Dallas alisema. "Umemtoa kaburini akampigie Burl Hatcher kura."

"Dallas, Reva angepoteza kazi."

"Amepoteza. Umebaki na nini sasa?"

Dallas aliongeza kwamba kule makaburini mlimani, karibu na Mama, Arvel asahau kuzikwa. Kisha akaondoka. Nyumba zao zimetengana hatua mia mbili, na tangu siku ile hawakusemezana.

Arvel alikiri kosa mahakamani Mei 1971, akatumikia miezi kumi katika gereza moja la Kentucky. Hatcher alikufa kitandani kwake kabla kesi yake haijasikilizwa, na kaunti ikafunga ofisi siku ya maziko yake. Kwa kuwa alikuwa bado chini ya uangalizi wa mahakama, Arvel hakuruhusiwa kupiga kura mwaka 1972. Reva alikwenda peke yake, akarudi, hakumwambia alimchagua nani, wala Arvel hakuuliza.

Wengi walimshauri ahamie Akron, kule Ohio. Alisema, "Niliwakosea watu wa hapa. Akron nimewakosea nini?" Akapata kazi katika kiwanda cha mbao kaunti ya jirani.

Tarehe 2 Novemba 1976 alirudi shuleni kupiga kura. Mezani alikaa binamu yake, Wilma, aliyelelewa pamoja naye.

"Jina?"

"Wilma, unanijua."

"Jina, na uko hai au umekufa? Kwako wewe lazima tuulize."

Watu wa foleni walicheka. Arvel alivua kofia. "Arvel Cutlip. Niko hai," alijibu, akasubiri kicheko kiishe ndipo akachukua karatasi. Hakukosa uchaguzi wa rais tena.

Reva alifariki tarehe 20 Januari 1979. Waliokuja kumzika walikuwa kumi na mmoja, pamoja na mchungaji.

Mwaka 2000 jimbo liliwaacha Wademokrati na halijarudi. Shule ilifungwa, kituo kikahamishwa maili ishirini na mbili. Vumbi la makaa lilikuwa limekwisha kumkaza Arvel mapafu, na kuanzia mwaka 2011 aliishi na mtungi wa oksijeni. Tarehe 8 mwezi huu, siku ya uchaguzi, Twila alimsihi asisafiri. "Nitakwenda kwa miguu yangu, mwanangu," alisema, na kutoka garini hadi mezani alipumzika mara nne. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Novemba 2016, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na saba.

Ameacha binti, Twila, wajukuu wawili, kitukuu mmoja, na mdogo wake, Dallas, wa Lick Fork.

Jumapili Twila alipanda mlimani kutafuta nafasi ya kaburi pembeni, karibu na ua wa makaburi. Alikuta vijiti vinne vya kupimia kaburi vimepigiliwa kushoto kwa bibi yake, na Dallas, mwenye miaka sabini na minane, amekaa chini na sururu, jasho linamtoka.

"Mlazeni hapa," Dallas alisema. "Sijamsamehe. Nitakuja hapa hapa kumwambia."

Arvel Worley Cutlip, lala kwa amani pembeni mwa mama yako.