Védaste Munyemana na kidudu cha vijito vya Nyungwe

Mwalimu Védaste Munyemana, tunayemzika leo hapa Gihundwe, alizaliwa Rwimbogo tarehe 3 Februari 1947, mtoto wa nne wa Wenceslas na Marguerite. Mwaka 1960 familia ilikimbilia Bukavu, ng’ambo ya mpaka, Kongo. Huko alimaliza sekondari mwaka 1967.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha utafiti huko Kivu, kwanza kuosha chupa, baadaye kupanga wadudu na kuwachora. Mwenzake wa meza moja, kwa miaka ishirini na sita, alikuwa Papa Muderhwa. Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Patricie, wakajaliwa watoto watatu, Benitha akiwa wa kwanza. Septemba 1994 walirudi nyumbani, naye akafundisha biolojia katika shule moja ya hapa Gihundwe. Nchi ilikuwa imechoka, na yeye pia.

Machi 1995, katika kijito kimoja cha juu Nyungwe, aliona kidudu asichokifahamu. Kikikomaa kinafanana na nondo mdogo wa kijivu. Kabla ya hapo huishi majini, ndani ya kijumba kinachojijengea chenyewe kwa chembe za mchanga. Alivuka mpaka hadi Bukavu na chupa za vidudu hivyo, vilivyohifadhiwa katika alkoholi, kukilinganisha na vya kituo. Hakikuwemo. Aliziacha kwa Muderhwa ili kazi iendelee.

Oktoba 1996 vita viliingia Bukavu. Januari iliyofuata Muderhwa alivuka, akaketi sebuleni kwa Munyemana bila kuvua koti.

“Askari balikunywa ile alcool yote, Védaste. Bidudu balimwanga mu lupango, pale inje. Kuku bakakula.”

Kisha akafungua koti, akatoa daftari la michoro ya kidudu kile, alilokuwa amejifunga tumboni. Ndilo pekee lililosalia. Agosti 1998, vita vilipoanza tena, Muderhwa aliuawa njiani akiitafutia familia yake chakula. Mjane wake, Mama Nzigire, alivuka na watoto wawili, wakapokelewa katika nyumba ya Mwalimu, ya vyumba vitatu.

Michoro bila kidudu chenyewe haitoshi; mtaalamu hawezi kukitambulisha kiumbe asichokiona, na tofauti za jamii hizo husomwa kwenye ncha ya tumbo la dume. Ilibidi kupanda Nyungwe upya. Msitu haukuwa salama hadi mwaka 1999, na magoti ya Mwalimu yalikuwa yameshaanza kumsumbua.

“Papa Benitha, haujachoka?” mkewe, Mama Patricie, alimuuliza.

“Minachoka sana. Lakini nikiacha, itakuwa kama Muderhwa alibeba ile daftari bure.”

Mama Patricie aliinuka. Alichukua taa na shuka jeupe, wakapanda wote wawili. Walipanda mara sita, jioni baada ya jioni wakitandika shuka kando ya maji ili taa ivute wadudu, wakapata majike tu. Mara ya saba, Aprili 2001, yalitua madume mawili. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba Jumatatu iliyofuata alisinzia darasani akiwa amesimama, chaki mkononi, na darasa zima likanyamaza ili asiamke.

Aliandika maelezo kwa hadubini ya shule, akayatuma kwa mtaalamu Ubelgiji. Yule alithibitisha kuwa ni spishi mpya, akapendekeza iitwe kwa jina la Munyemana. Mwalimu alikataa.

“Mi ningali muzima,” alisema. “Muntu muzima iko na jina yake tayari.”

Maelezo yalichapishwa Juni 2002. Spishi hiyo inaitwa *muderhwai*. Alimsomea Mama Nzigire ukurasa ule polepole. Mama akasema: “Sasa jina yake iko mu kitabu. Kaburi yake, hatujue fasi iko.” Siku hiyo hakuna aliyekula.

Figo zilianza kumsumbua Mwalimu Agosti 2002. Alilazwa mara tatu, mwishowe akaomba arudishwe nyumbani. Benitha alipomwuliza anataka nini, alijibu, “Kulala, binti yangu. Na musiniamushe kwa masomo.” Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Machi 2003, Mama Patricie akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke wake Patricie; watoto wake Benitha, Gisa na Ndizeye; dada yake Béata wa Giheke; Mama Nzigire; pamoja na Parfait na Josiane, watoto wa Muderhwa, ambao hakuna karatasi ya shule iliyowahi kuwaandika ila kwa jina la baba yao, na sahihi ya Munyemana chini yake.

Mwalimu, umefanya kazi ya watu wawili. Bwana akupe pumziko la wote wawili.