Lensi Aliyonyimwa Edah Kageha

Mchungaji, wazee wa ukoo na waombolezaji wote mliofika hapa Kabras leo, Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, familia imemkabidhi Wesley Lusweti, kaka mkubwa wa marehemu, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yake, naye ameyaandika kwa mkono wake na kukataa yapunguzwe makali, kwa hivyo atakayechomwa na neno avumilie kama marehemu alivyovumilia.

Edah Kageha Lusweti alizaliwa tarehe 3 Juni 1988 katika boma hili, mtoto wa tatu wa Mzee Lusweti, mkulima wa miwa, akapewa jina la nyanya yake mzaa mama, mwanamke aliyesifika kwa kutonyamaza. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1995 hadi 2002, akaingia sekondari mjini Kakamega na kumaliza Novemba 2006, kisha akasomea kompyuta kwa miezi sita. Februari 2009 aliajiriwa kwenye duka la picha za pasipoti karibu na stendi ya Kakamega, na kwa miaka kumi na sita akawa anawaambia watu wainue kidevu, wasicheke, watazame mbele.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na Bravin Wanzala wa Ekero, dereva wa trekta ya miwa, wakajaliwa watoto wawili, Tracy aliyezaliwa Novemba 2014 na Tyson aliyezaliwa Aprili 2018. Bravin ndiye aliyempeleka kwa mara ya kwanza kuwatazama mafahali wakipigana upande wa Shinyalu, na anasema siku hiyo mke wake alirudi nyumbani akiwa amechoka kabisa kupiga picha za vitu visivyosogea.

Alipoamua kununua kamera yake ya kwanza ya maana, Edah hakukurupuka. Kwa mwaka mzima aliazima kamera za wapiga picha wa mjini kwa saa moja moja, akazipima uzito mkononi, akauliza ni ipi inayopiga picha nyingi ndani ya sekunde moja, akajaza daftari, na mwishowe akafikia uamuzi ambao leo Wesley anakiri mbele yenu kwamba ulikuwa sahihi wote: kamera yenyewe inaweza kuwa ya mitumba, mradi haijachoka, lakini lensi iwe nzuri na iwe ndefu, ya milimita sabini hadi mia tatu, kwa sababu fahali hupigwa picha kutoka mbali.

Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023 alisafiri hadi Nairobi, ambako Wesley hufanya kazi, wakaingia dukani pamoja. Muuzaji aliposikia habari za mafahali alicheka, akamsukumia lensi fupi ya milimita hamsini, ya harusi na ya watoto, ile inayofanya kilicho nyuma ya mtu kuwa ukungu, na Wesley, aliyekuwa hajawahi kushika kamera maishani mwake, akaunga mkono, akasema mama wa watoto wawili anahitaji harusi, ng'ombe awaachie wanaume. Edah akamgeukia, akasema, "Kaka, bibi harusi nitamwambia asogee, fahali nitamwambia nini?" Muuzaji akaifunga lensi fupi pamoja na kamera, Wesley akalipa, akaudhani ukimya wa dada yake kuwa ni shukrani.

Harusi alizipiga, na alizipiga vizuri, lakini Jumamosi asubuhi alikuwa uwanjani, na kwa kuwa lensi yake haikuweza kuvuta, alisogea yeye. Mara mbili, Oktoba 2024 na Januari 2025, aliwaomba waandalizi wa mchezo wamruhusu asimame kwenye jukwaa la mbao, mahali pa usalama, akaambiwa mwanamke hapandi pale, atawatia mafahali mkosi, ilhali picha yake ya mafahali wawili waliofungana pembe ilikuwa ikining'inia ofisini mwao na kuchapishwa kwenye mabango yao bila jina lake. Krismasi iliyopita alimwomba Wesley amtafutie lensi ndefu iliyotumika, naye Wesley akamwambia angoje mwaka usonge.

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa mbili asubuhi, fahali aliyeshindwa aligeuka na kutimua mbio, wanaume wakatawanyika, na Edah, aliyekuwa hatua sita tu, jicho likiwa kwenye kamera, akapigwa pembe ubavuni. Alilala kwenye nyasi huku zaidi ya simu kumi zikimrekodi, na baadhi ya wenye simu hizo wako hapa, wamekalia viti tulivyokodi, nao wajue kwamba video yao ilimfikia Tracy, mtoto wa miaka kumi, kabla ya baba yake kupata habari. Mtu mmoja tu, Osiako, mkata miwa ambaye hakumjua, ndiye aliyevua shati, akaziba jeraha na kumbeba.

Alipasuliwa mara mbili, sumu ikaingia katika damu, akafariki Jumatatu tarehe 17 Machi saa nane mchana. Siku mbili kabla, Wesley alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha, na Edah akasema, "Ungenisikia tu, Wesley," akageuza uso ukutani, wala Wesley hatawadanganya kwamba alisamehewa.

Wanaouliza mwanamke alifuata nini kwa mafahali wamejibiwa: alifuata kazi yake, na aliijua kuliko waliomshauri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tisa, wenzake wa duka la picha waliotoa damu, majirani wa Ekero waliowalisha watoto, na zaidi ya wote Osiako, ambaye tunamwomba aje aketi mbele na ndugu za marehemu. Waandalizi wa mchezo wameleta shada la maua, nalo liko nje ya lango, na litabaki huko huko.

Edah Kageha, binti wa Lusweti, wewe pumzika kwa amani. Sisi tuliobaki bado hatujastahili kuipata.