Mama Etelka na Mbegu za Ferenc

Tarehe 31 Oktoba Mama Etelka Vadász anastaafu, baada ya miaka thelathini na minane katika kituo chetu cha mbegu za bangi ya nyuzi, hapa kando ya mto Tisza. Ni bangi ya kamba na turubai. Ukiivuta utaambulia kikohozi tu.

Alianza kama kibarua wa kung'oa mimea dume, akapanda hadi kuwa mkuu wa vitalu. Moyo wake aliuweka kwenye shina la manjano, lenye nyuzi laini kuliko la kijani. Ila manjano ni rangi yenye haya: haijitokezi mpaka mmea uirithi kwa baba na kwa mama pia. Ukiipata upande mmoja tu, unaificha ndani na kutoka kijani. Ndiyo maana kwetu hakuna avukaye kitalu bila kubadilisha koti langoni. Chavua, ule unga wa mimea dume, hushika nguo.

Mumewe Ferenc, dereva wetu wa trekta, alisahau. Mchana mmoja alikatisha shamba la kijani, supu ya samaki mkononi, akaingia moja kwa moja kwa mimea mama ya manjano. Sauti ya Mama Etelka ilifika ghalani: "Ferenc! Koti, we mwanamume!" Naye: "Supu inapoa, mke wangu." Akalivua, akalitundika langoni.

Majira ya baridi Ferenc akafariki. Mbegu chache tulizozijaribu za safu ile aliyoingia na koti zilitoka kijani kitupu. Tukamwambia Mama Etelka azichome zilizobaki. "Ziacheni," akasema, "hizi ni za Ferenc." Akazifungia kwenye kopo.

Mwaka huohuo panya wakaingia ghalani. Jamani, mbegu safi za manjano hawakusaza hata punje! Kazi yake yote ilikuwa imekwisha. Hakulia. Alichukua kopo, akazipanda mbali na mashamba mengine, akaiacha mimea ile ya kijani izaane yenyewe kwa yenyewe.

Kiangazi kilichofuata, mbegu za mimea hiyo zilipokwisha kuota, tulisimama naye kitaluni. Katika kila mimea minne, mmoja hivi ulikuwa wa manjano. Hapo ndipo alipolia. "Nilimgombeza bure," akasema.

Kila shina la manjano tulilonalo leo ni uzao wa mbegu zile.

Asante, Mama Etelka. Tunakuombea afya na siku za utulivu. Koti la Ferenc tumelitoa msumarini, tunakukabidhi. Ukija kututembelea, livae. Langoni hakuna atakayekuuliza.