Kwaya Inapogombea Msitu

Kwenye basi, mama mmoja, mwalimu wa kwaya, alikaa mbele yangu, pembeni ya bwana misitu aliyekunjua ramani mapajani. Hawajuani, ila macho hayana pazia. Mama akachungulia. "Baba, hapo ulipopaka rangi ndipo tunapofanyia mazoezi!"

"Tunarekebisha mpango wa kusimamia msitu, mama. Hapo sasa patakuwa pa kimya, ndege wapate kutaga."

"Watage tu, nani kawazuia? Mtaani majirani walishatutimua. Na huko mkitutoa, kwaya ndiyo imekufa hivyo."

"Lakini mnawatisha ndege."

"Tunawatisha? Wanatuitikia!" Akaanzisha wimbo palepale. Abiria wa nyuma wakadakia, konda akaingiza besi ambayo hakuna aliyemwomba. Mimi nilipiga makofi tu, sauti yangu ni ya kufukuzia nyani.

"Mkutano wa maoni ni kesho!" bwana misitu akapaza sauti. "Njoo useme."

"Nakuja na kwaya nzima!"

"Njooni na hoja, mama, siyo na sauti nne!"

Basi likasimama kwenye ofisi za misitu. Bwana misitu akashuka anatikisa kichwa kukataa, huku vidole vinapiga mdundo kwenye ramani.