Mahfoudh bin Amur na Safari ya Watu Wawili

Wasifu huu unasomwa leo Alkhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, siku ya tatu ya msiba, nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Maskati, Omani. Kwa wanaume unasomwa na mwanawe Aws, na kwa wanawake na bintiye Raghad. Juzi asubuhi marehemu alikuwa nasi. Tumeduwaa, na sauti ya msomaji ikikatika msishangae. Mjane wake, Bi Khole, ameagiza yaandikwe yote, hata yale mliyokuwa mkinong'onezana.

Mahfoudh bin Amur alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, Malindi, Unguja, mtoto wa tatu wa mzee Amur na Bi Balqees. Alianza masomo huko huko, na mwaka 1972 familia ikahamia Maskati. Alikuwa na miaka kumi na minne, Kiarabu chake ni cha msahafuni tu, na darasani alichekwa mpaka akanyamaza muhula mzima. Muhula uliofuata aliwapita wote katika hesabu. Mwaka 1979 alipelekwa Cairo kusomea upimaji ardhi, akarejea na shahada yake mwaka 1983.

Serikalini alitumikia miaka thelathini na mitano, akipima barabara na viwanja tangu Maskati hadi Dhofar, akastaafu mwaka 2018. Kupima kulimwingia damuni. Familia ikienda Nizwa kwa siku moja tu, yeye alikwishachora njia nzima: wapi watateremka kunywa chai, mgunga upi una kivuli na saa ngapi, na Bi Khole akae upande gani wa gari jua lisimpige. Watoto walimcheka sana. Kivuli, lakini, kilikuwa pale pale alipokichora.

Alimuoa Bi Khole binti Sleiman tarehe 16 Aprili 1987. Bibi harusi alitoa sharti moja. Kaka yake alikuwa amekufa maji pwani ya Qurum akiwa na miaka kumi na tisa, na yeye tangu hapo hakutaka kuisikia bahari. "Mimi sitaki dhahabu nyingi," aliwaambia wazee. "Nataka mume asiyeingia baharini." Mahfoudh alikubali mbele ya mashahidi, na kwa miaka thelathini na saba baharini hakulowesha hata unyayo. Wakienda Qurum, yeye alikaa mchangani na viatu vyake miguuni.

Sasa tufike kwenye yale mliyokuwa mkinong'onezana. Tangu mwaka jana marehemu alikuwa akitoka kila Jumamosi alfajiri, akisema anakwenda sokoni Matrah kununua samaki. Samaki kweli alirudi nao. Ila alirudi nywele zimelowa, ananukia sabuni isiyo ya nyumba hii. Mwanamke wa kwetu akimuona mumewe ametoka mkavu akarudi amekoga, hahitaji kuelezwa na mtu. Bi Khole aliwapika samaki, basi. Kisha, tarehe 24 Oktoba, akitoa kanzu ya mumewe ipelekwe kwa dobi, alikuta mfukoni karatasi ya hoteli ya kisiwa cha mbali: chumba kimoja, watu wawili, siku kumi na nne. Haikumpitikia kwamba wa pili ni yeye.

Kuanzia saa ile hakumsemesha mumewe. Chai ilipelekwa na Raghad, salamu zilipelekwa na Raghad. Dada wa Bi Khole aliambiwa kwa siri, na siri hiyo ilifika Matrah na kurudi kabla ya Ijumaa ya pili. Siku kumi na moja zilipita hivyo katika nyumba ambayo haikuwahi kugombana siku tatu mfululizo.

Marehemu hakuugua. Jumanne tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi, alikuwa mezani na kikombe chake. Akamwita Raghad. "Mamako nimemkosa nini?"

"Muulize mwenyewe, Baba."

"Ntamuuliza. Nkishasali Adhuhuri, ntakwenda kumuuliza."

Saa nne na nusu alianguka jikoni. Hospitalini walisema moyo ulikwishasimama njiani. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri, na aliondoka duniani hajui kosa lake.

Bi Khole alikaa eda akimngoja huyo mke mwenza aliyemdhania, na kina mama waliojaa hapa chumbani walikuwa wakimngoja pia, msikatae. Jana, Jumatano, alikuja. Mwanamke wa makamo, abaya yake safi, begi kubwa mkononi, akasimama mlangoni akauliza nani Bi Khole. Hata waliokuwa wakisoma Yasini wakainua macho.

"Karibu, mke mwenzangu," alisema Bi Khole, uso mkavu. "Usisimame mlangoni kama mgeni. Eda ni yetu sote wawili."

Yule mwanamke aliweka begi chini. "Mama, astaghfirullah! Mimi jina langu Nasriya. Mimi ni mwalimu wake wa kuzamia."

Akafungua begi. Ndani mlikuwa na miwani ya kuzamia, viatu vya mapezi, kipande cha sabuni, na daftari lenye mwandiko tunaoujua sote. Kila Jumamosi, pwani ya Qantab, mzee wa miaka sitini na sita alijifunza kupumua chini ya maji. Siku ya kwanza alimwambia Nasriya, "Ramani zangu zote zimeishia kwenye maji. Nataka kujua mbele yake pana nini."

Raghad alilisoma daftari kwa sauti, maana mama yake alishindwa. Lilikuwa mpango wa safari ya kisiwa cha Bonaire, bahari ya Karibi, baada ya Idi. Marehemu alikichagua kisiwa hicho kwa sababu mtu huzamia kwa kuingia kwa miguu kutoka ufukweni, bila chombo. Unaegesha gari kando ya barabara, penye jiwe lililopakwa rangi ya manjano, unatembea mpaka majini. Kila ufukwe alikuwa ameuchora. Na katika kila mchoro palikuwa na kiti kidogo, na maneno: "Khole akae hapa. Kivuli mpaka saa tano. Kutoka kitini mpaka majini hatua thelathini na mbili. Ataniona naingia, ataniona natoka." Ukurasa wa mwisho aliandika: "Kumwambia Khole siku ya Idi, baada ya chai. Kwanza kumuomba radhi kwa kuvunja ahadi. Akikataa, khalas, tutakaa sote wawili nchi kavu tule samaki."

Bi Khole alilichukua daftari akalifunika kwa mtandio wake. "Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja sijamjibu hata salamu." Tiketi mbili za ndege zilizokuwa ndani ya daftari amekataza zisirudishwe wala zisiguswe mpaka atoke eda.

Marehemu Mahfoudh bin Amur ameacha watoto watatu, Raghad, Aws na Loai, wajukuu watano, na mwalimu mmoja, Bi Nasriya, ambaye familia hii inamuomba radhi mbele yenu nyote. Na ameacha mjane mmoja, Bi Khole binti Sleiman, aliyeamuru kwamba hapa msomaji asimame, awatazame watu, kisha arudie.

Mjane mmoja.

Mola amlaze pema Mahfoudh wetu, na amfikishie huko aliko kwamba hakuwa na kosa, kuvunja ahadi amesamehewa, na mkewe, lau angejua, chai ya siku ile angempelekea mwenyewe.